Profesa Manilal Dwivedi na Somo la Umoja

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Mbezi Beach, jioni ya mkesha wa maadhimisho)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya hekalu letu, Pujari wetu mpendwa, wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi majirani zetu mlioitikia mwaliko: Jai Shri Krishna. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Sikuzitaja salamu zote tatu kwa ajili ya kupendeza masikio. Nimetazama viti vya ukumbini nikaona kwamba jioni hii majirani wamekuja kwa wingi unaokaribia ule wa waumini wenyewe, na mwenye nyumba hana budi kumsalimu kila mgeni kwa salamu aliyoizoea.

Halmashauri iliponiomba nizungumze, nadhani ilitarajia nisimulie historia ya ujenzi: nani alitoa saruji, nani alitoa nondo, nani alisimamia mafundi juani. Hayo yatakuwamo katika kurasa nyingine za kitabu cha kumbukumbu, pamoja na picha. Mimi nimeomba ruhusa nizungumze habari za mwalimu mmoja wa chuo aliyefariki mwaka 1898, ambaye hakupata kufika Afrika, na ambaye hata miongoni mwa sisi wenye asili ya Gujarati wachache humu wanalijua jina lake. Nimeombwa pia nizungumze kwa Kiswahili. Wapo wazee walionuna kidogo. Lakini wajukuu wetu Kigujarati wanakisikia jikoni tu, hawakisomi. Na majirani zetu hawakuja hapa kusikiliza lugha wasiyoielewa.

Kwanza nieleze jinsi nilivyokutana na mwalimu huyo, kwa maana mimi si msomi. Elimu yangu iliishia kidato cha nne. Baada ya hapo nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la baba yangu, na tangu siku hiyo hadi leo nimeuza vifaa vya ujenzi. Mwaka juzi, asubuhi moja, Bibi jirani yetu, ambaye nyumba yake imepakana na ukuta wa hekalu upande wa chini, alinisimamisha langoni. Akaniuliza, “Mwanangu, humo ndani mnafundishwa nini?” Nikaanza kumweleza habari za maua, taa na sanamu. Akatikisa kichwa akasema, “Hivyo naviona kila siku. Nimeuliza mnafundishwa nini.” Mimi, mtu wa zaidi ya miaka sitini, mjumbe wa halmashauri, niliyekulia katika dini hii, nilisimama pale bila jibu. Nikasingizia kwamba nachelewa dukani.

Jioni ile nilifungua sanduku la bati la marehemu baba yangu. Baba alikuwa na desturi ya kusoma kaunta ikipungua wateja, akiwa amekunja mguu mmoja juu ya kiti. Ndani ya sanduku nilikuta vitabu vya hesabu za duka, barua, na kitabu cha Kigujarati kilicholiwa na mchwa pembeni, jina lake Siddhantasara, yaani kiini cha mafundisho. Mwandishi: Manilal Nabhubhai Dwivedi. Nilikisoma kwa miezi mingi, kwa shida, kamusi ikiwa mkono wa kushoto. Kisha nikatafuta habari za mtu mwenyewe.

Manilal alizaliwa tarehe 26 Septemba 1858 katika mji wa Nadiad, wilaya ya Kheda, katika ukoo wa Mabrahmin wa Nagar. Nadiad si mji mkubwa, lakini kizazi kile kiliubariki. Mtunzi Govardhanram Tripathi, aliyeandika riwaya maarufu ya Saraswatichandra, alizaliwa hapo mwaka 1855. Vallabhbhai Patel, aliyekuja kuwa nguzo ya uhuru wa India, alizaliwa hapo mwaka 1875. Kwa desturi ya wakati ule, Manilal aliozwa akiwa na umri wa miaka 13, na bibi arusi alikuwa mtoto mdogo kabisa. Naomba mkumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Alisoma katika Chuo cha Elphinstone mjini Bombay, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1880. Shahada yake ilikuwa ya historia na siasa. Haikuwa ya falsafa, wala ya Kisanskriti. Nilipofika hapo katika usomaji wangu nilifarijika sana, nakiri. Yote ambayo baadaye yalimpa jina aliyapata kwa kujisomea mwenyewe, usiku, baada ya kazi ya mshahara. Aliajiriwa kwanza kuwa mwalimu, kisha kuanzia mwaka 1881 akawa naibu mkaguzi wa shule za Kigujarati mjini Bombay, kazi ya kuzunguka, kuhesabu watoto na kuandika taarifa.

Mwaka 1885 milango ilifunguka. Mtawala wa Bhavnagar, Maharaja Takhtsinhji, alianzisha chuo kwa kumbukumbu ya waziri wake mkuu, Samaldas. Bhavnagar ni bandari ya Ghuba ya Khambhat, na wengine humu ndani mababu zao walipanda jahazi katika pwani zile zile. Chuo cha Samaldas kilihitaji profesa wa Kisanskriti, na Manilal, akiwa bado kijana, akapewa nafasi hiyo.

Hapa nitoke njiani kidogo. Katika miaka ile ile, mambo yaliyofanana na hayo yalikuwa yakitendeka kwa watu wa pwani yetu. Huko Berlin, mwaka 1887, kilifunguliwa chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa somo mojawapo. Waliokwenda kukifundisha walikuwa watu wa Zanzibar: Sleman bin Said, na baada yake Amur bin Nasur, ambao habari walizoziandika wenyewe zilichapishwa Ujerumani mwaka 1894 katika mkusanyiko wa Dakta Büttner. Hawakuitwa maprofesa. Waliitwa walimu wasaidizi wa lugha, na profesa alikuwa Mjerumani aliyejifunza kutoka midomoni mwao. Nimelitaja hili ili vijana wafahamu kwamba cheo na elimu ni vitu viwili. Manilal naye cheo chake kilikuwa cha Kisanskriti. Falsafa hakuwa ameajiriwa kuifundisha. Aliifanya kwa kalamu.

Na kalamu hiyo ilikwenda mbio! Mwaka 1885 huo huo alianzisha gazeti la kila mwezi kwa Kigujarati, Priyamvada, akiwakusudia hasa wanawake wasomaji, wakati ambapo katika nyumba nyingi mwanamke kushika kitabu kulihesabiwa kuwa balaa. Mwaka 1890 alilipanua, likawa la wasomaji wote, akaliita Sudarshan. Alilihariri mpaka kufa kwake. Mwaka 1885 pia alitoa kwa Kiingereza kitabu kiitwacho Raja Yoga, chenye tafsiri za maandishi ya mapokeo ya Shankaracharya. Mwaka 1889 vikatoka viwili pamoja: kimoja cha Kiingereza kilicholinganisha fikra ya umoja ya wahenga wetu na fikra za Ulaya, na hicho cha Kigujarati nilichokikuta sandukuni. Ndio mwaka ambao Abushiri alinyongwa Pangani. Huwa naona ajabu kuwaza kwamba babu zetu waliokuwa wakiuza nguo pwani ya Mrima, huku mizinga ikilia, wangeweza kupokea kitabu kile kwa jahazi la msimu uliofuata. Sina ushahidi kwamba yupo aliyekipokea. Nawaza tu.

Sasa kitabu chenyewe kinasema nini? Nitajitahidi kukieleza kama ningalimweleza Bibi pale langoni, lau ningalikuwa na akili siku ile.

Mafundisho aliyoyashika Manilal huitwa Advaita. Neno hilo maana yake ni “si mbili”. Ni mafundisho ya zamani, yamo katika Upanishadi, na Shankaracharya aliyaeleza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Yanasema kwamba nafsi iliyo ndani ya mtu na asili ya ulimwengu wote si vitu viwili vinavyotazamana. Ni kitu kimoja. Kwa nini basi tunaona wengi? Wahenga walitoa mfano wa kamba na nyoka. Mtu anapita gizani, anaona nyoka njiani, moyo unamdunda, jasho linamtoka. Analeta taa: ni kamba. Nyoka hakuuawa wala hakukimbia, kwa kuwa hakuwapo. Lakini hofu ilikuwa hofu ya kweli, na jasho lilikuwa jasho la kweli. Upanishadi nyingine inataja udongo: ukiujua udongo mmoja, umevijua vyungu vyote, kwa maana chungu ni jina na umbo, na udongo ndio ukweli. Sisi wa Mbezi hatuhitaji hata chungu. Nendeni ufukweni asubuhi, mwoneshe mtoto wimbi, mwambie alitenganishe na bahari.

Manilal hakuridhika kuirudia mifano hiyo. Aliishi katika zama ambazo kijana aliyesoma Bombay alirudi nyumbani akiona haya juu ya kila kitu cha kwao. Wengine walisema dini ya wazee ni ushirikina mtupu, tuiache. Wengine walisema tusiguse hata unywele mmoja wa desturi. Yeye alijaribu kusimama katikati, mahali ambapo mtu hupigwa mawe kutoka pande zote mbili. Alizisoma falsafa za Ulaya, hakuzidharau, kisha akadai kwamba swali ambalo wanafalsafa hao walikuwa wakilihangaikia, la umoja nyuma ya wingi, wahenga wetu walikuwa wamekwisha kulijibu, na kwamba jibu lile halikuwa la Mhindu peke yake. Siddhantasara inapitia dini za ulimwengu, moja baada ya nyingine, ikitafuta uzi huo. Mimi si kila hukumu yake naikubali. Kuna kurasa anazoipandisha dini yake juu ya nyingine kwa haraka mno, kama muuza duka anayesifu kitambaa chake kabla mteja hajakigusa. Lakini alisoma kwanza, ndipo akahukumu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Ramanbhai Nilkanth, mtu wa madhehebu ya marekebisho ya Prarthana Samaj, naye mwandishi hodari mwenye gazeti lake. Walijibizana kwa miaka mingi, gazeti kwa gazeti. Ramanbhai aliamini Mungu mmoja aliye mwingine kwetu, anayeabudiwa na kuombwa. Na dhidi ya Advaita lipo swali la tangu zamani ambalo kila mpinzani wake hulishika: ikiwa yote ni kimoja, ni nani anayetenda dhambi, na anamtendea nani? Ni swali zito. Mwenye kujibu kwamba dhambi nayo ni mazigazi tu, huyo amejifungulia mlango wa kufanya atakalo.

Na sasa nifike pale ambapo baadhi ya wajumbe wenzangu waliniomba nisifike.

Manilal aliandika habari za maisha yake mwenyewe, Atmavrittanta. Alipofariki, muswada ule haukuchapishwa. Waliousoma waliona aibu. Ulichapishwa mwaka 1979, miaka 81 baada ya kifo chake, ukihaririwa na msomi Dhirubhai Thaker. Ndani yake Manilal hakuficha. Alieleza kwamba ndoa ile ya utotoni haikupata kuwa na amani. Alieleza kwamba yeye, mwalimu wa umoja wa nafsi, aliyeandika juu ya heshima ya mwanamke, alikuwa na mahusiano nje ya ndoa, mengine ya kumwaibisha mbele ya marafiki waliomwamini. Alieleza maradhi aliyoyapata kwa mwenendo huo. Ni maradhi hayo yaliyomlazimisha kuiacha kazi ya uprofesa mwaka 1889, akiwa na miaka 31 tu. Yaani kazi yote ya chuoni, ambayo kwayo tunamwita profesa hadi leo, haikuzidi miaka minne au mitano.

Mjumbe mmoja aliniambia, “Bhai, katika kitabu cha hekalu tuweke watakatifu. Huyu wa nini?” Nilimwambia nitafikiri. Nimefikiri. Watakatifu tunao wengi, na picha zao zitajaa kurasa. Lakini mtu aliyejua kilicho sahihi, akakifundisha vizuri kuliko wengine, akashindwa kukiishi, kisha akaketi na kuandika kwa mkono wake kwamba ameshindwa, huyo mimi namwelewa kuliko mtakatifu. Hakuandika kwamba nyoka ni kamba ili ajitetee. Aliandika kwamba aliuma.

Maisha yake baada ya Bhavnagar yalikuwa ya mtu mgonjwa anayefanya kazi ya watu watatu. Alirudi Nadiad. Katika miaka ya 1890 dola ya Baroda, iliyotawaliwa na Sayajirao Gaekwad, ilimpa kazi juu ya miswada ya kale iliyohifadhiwa katika maktaba za Wajaini huko Patan. Alitafsiri kwa Kiingereza sutra za Yoga za Patanjali mwaka 1890. Akatafsiri kwa Kigujarati Bhagavad Gita, na tamthilia za Bhavabhuti. Aliandika mashairi, zikiwamo ghazali, aina ya ushairi iliyotoka kwa Waajemi na Waislamu, akaitia ndani yake falsafa ya Vedanta bila kuona kwamba anavuka mpaka wowote.

Mwaka 1893 lilikutana Bunge la Dini za Ulimwengu huko Chicago, mwezi wa Septemba. Kila mtoto wa hekalu hili anajua kwamba Swami Vivekananda alihutubia pale. Wachache wanajua kwamba Manilal naye alialikwa, na hakuwa na uwezo wa safari. Alituma makala yake juu ya dini ya Kihindu, nayo ikasomwa na Virchand Gandhi, mwanasheria Mjaini, mzaliwa wa Mahuva, aliyekwenda kuwawakilisha Wajaini. Mjaini akasimama ugenini akasoma maneno ya Mbrahmin mgonjwa, na hakuna aliyesema hii si kazi yangu.

Mwaka huo huo wa 1893 kijana mwingine mwenye jina la Gandhi alikuwa baharini. Mohandas, aliyekuja kuitwa Mahatma, alitoka Bombay mwezi wa Aprili kwenda Afrika Kusini. Meli ilipita Lamu, ambako nusura aachwe, ikapita Mombasa, ikafika Zanzibar, ambako alikaa zaidi ya wiki akingoja meli nyingine. Kijana huyo miaka mitano kabla alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Samaldas. Alijiunga mwanzoni mwa 1888, wakati Manilal akiwa mwalimu hapo, akashindwa kabisa. Katika kitabu cha maisha yake anakiri kwamba hakuweza kufuata mihadhara, wala hakuipenda, na kwamba kosa halikuwa la walimu, kwa kuwa walihesabiwa kuwa bora. Yeye ndiye alikuwa bado mbichi. Muhula mmoja ukaisha, akarudi kwao.

Haya ndiyo yanayonichekesha na kunitia moyo pamoja. Profesa alikuwa na mwanafunzi huyo mbele yake chuoni, na hakuna kilichoingia. Kisha, kwenye mwaka 1903, Gandhi akiwa wakili mjini Johannesburg, alikuwa akisoma na marafiki zake wa Theosofia, na kati ya vitabu anavyovitaja ni kile kile Raja Yoga cha M. N. Dwivedi. Ni katika siku hizo alizokuwa akibandika beti za Gita ukutani ili azikariri wakati wa kupiga mswaki. Profesa alikuwa amekwisha kufa miaka mitano. Alikuwa amefariki Nadiad tarehe 1 Oktoba 1898, akiwa ametimiza miaka 40 na siku chache. Gazeti lake lilirithiwa na Anandshankar Dhruv, ambaye naye alikuwa mwalimu mkubwa, akafika hata uongozi wa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras.

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo, na mngepiga makofi, tukaenda kula. Lakini nilisema kwamba Bibi aliniuliza swali langoni, na sikusema ilikuwa lini. Ilikuwa wiki tatu baada ya maji kuingia ndani ya nyumba yake.

Wengi mnaikumbuka masika ile. Ninyi majirani mnaikumbuka kuliko sisi. Maji ya Mbezi yana njia yake. Hutoka juu barabarani yakitafuta bahari, na yalikuwa yakipita katika kiwanja hiki kwa mtaro wa zamani kabla hatujajenga ukuta wa upande wa chini. Ukuta ule niliusimamia mimi. Matofali, saruji na nondo vilitoka katika duka langu, baadhi kwa sadaka, baadhi kwa bei. Fundi aliniambia, akiwa na mwiko mkononi, “Mzee, hapa pana mtaro, tuache tundu au tuweke kalvati.” Nikamwambia aendelee, nikihofia gharama, na nikihofia kwamba ukuta ungechelewa siku ya kuzinduliwa. Mtaro ukazibwa. Mvua ilipokuja, maji yalijaa nyuma ya ukuta wetu, yakazunguka kona, yakaingia kwa Bibi hadi usawa wa kitanda. Alipoteza godoro, unga, na cherehani aliyokuwa akiitumia kushonea watoto sare za shule.

Halmashauri iliitisha kikao. Waliniuliza kama ukuta unahusika. Nikasema kiwanja cha Bibi kiko chini, maji siku zote huenda chini. Sentensi ile haina neno hata moja la uongo, na yote ni uongo. Tulimpelekea Bibi mchele na blanketi, tukapiga picha, na picha ile ilikwisha kuwekwa tayari kwa ajili ya kitabu cha maadhimisho, chini yake imeandikwa kwamba hekalu huwasaidia majirani. Nimeomba iondolewe. Mhariri wa kitabu yuko hapa, ananisikia.

Fundi yule hakusema kitu. Alikuwa akitegemea kazi kwangu.

Nilipokuwa nikisoma Siddhantasara usiku, kurasa za umoja, kwamba nafsi ya huyu ndiyo nafsi ya yule, nilikuwa nikiusikia upande wa pili wa ukuta mlio wa Bibi akisukuma maji kwa fagio, ingawa nyumbani kwangu ni mbali na hapa na masika yalikuwa yamekwisha. Na nilipofika kwenye habari za maisha ya Manilal, nikaona kwamba mtu huyu alikuwa na jina kubwa la kulinda kuliko langu, lakini aliandika. Mimi jina langu linajulikana Kariakoo na Mbezi tu.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda kwa Bibi. Nilivua viatu mlangoni, ijapokuwa alinikataza. Nikamweleza: ukuta ni wangu, mtaro niliuziba mimi, niliambiwa nikakataa kusikia, na kikaoni nikadanganya. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu mabati ya paa lake. Kisha akasema, “Nilijua. Fundi ni mtoto wa dada yangu.” Nikamwuliza kwa nini, kama alijua, alinisimamisha langoni akaniuliza habari za mafundisho badala ya kunidai. Akasema, “Nilikudai. Hukusikia tu.”

Yuko hapa jioni hii, mstari wa pili, nami nimempa taarifa kwamba nitayasema haya hadharani. Alisema niseme, ila nisirefushe. Nimerefusha, anisamehe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, cherehani mpya imekwisha kufika kwa Bibi, kwa gharama yangu, na si ya mfuko wa hekalu. Jumatatu asubuhi, baada ya sherehe, ukuta wa upande wa chini utavunjwa kiasi cha mita mbili na mtaro utafunguliwa hadi barabarani. Fundi ni yule yule. Safari hii yeye ndiye atakayeamua, na mimi nitashika futi ya kupimia. Mabomba ya inchi kumi na mbili yako tayari stoo kwangu. Naomba wote mtakaokuja kwa magari siku hiyo msiegeshe upande ule, kwa sababu lori la kokoto litaingia saa moja kamili.